Aya Moja, Jambo Moja

Vifaa vyake vyote vinatosha kwenye meza moja ndogo: kaunta buku yenye jalada jeusi, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu, rula, stepla, pedi ya wino kwa wasiotia sahihi, majalada ya kaki, na simu iliyojaa nakala za sheria. Chumba kiko mwendo mfupi kutoka soko la Mbuyuni, Moshi mjini, na asubuhi Hiace za Kibosho na Uru hushusha watu ambao wengine huja moja kwa moja hapa kabla ya kwenda sokoni.

Mwenye meza ni mama mmoja, msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inamruhusu kuelimisha, kushauri, kumsaidia mtu kupata nyaraka zake na kumwelekeza kwenye chombo kinachohusika. Haimruhusu kudai malipo, wala kusimama mahakamani badala ya mteja. Ustadi wake wote basi unaishia kabla ya mlango wa mahakama: kusikiliza, kupanga, kuandika. Moshi imeizoea kazi hii. Shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake wa Kilimanjaro kujua haki zao tangu 1987. Hata hivyo ni mara chache mtu hukaa kuitazama kazi yenyewe inavyofanyika, na ndicho nilichoomba ruhusa kukifanya. Jina lake silitaji, na mambo ya mteja nimeyabadilisha kiasi cha kutomtambulisha mtu. Kando ya meza alikuwapo kijana anayesomea cheti cha sheria, aliyeletwa kujifunza kwa vitendo. Mengi niliyoyaelewa niliyasikia akielekezwa yeye.

Mteja alikuwa mjane kutoka kijiji cha juu, karatasi zake kazifunga kwenye pindo la kanga. Kijana alimwamkia, akavuta kiti, akafungua daftari. “Weka kalamu chini kwanza, mwanangu,” mama akamwambia. “Ukiandika mapema utaandika unachotaka kusikia.”

Masimulizi ya kwanza huachwa yapite bila kukatizwa. Mjane alianza na mwisho, akarudi katikati, akalia kidogo, akaeleza habari za mkwe, akaruka hadi ada ya shule. Mama aliitikia tu, na alipouliza aliuliza swali moja: “Halafu ikawaje?” Mwishowe jambo lilijitokeza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aling'oa masale ya mpaka wa chini wa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, akapanda mengine ndani zaidi, na sasa inasemekana anatafuta mnunuzi. Kwa asiyejua: isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachaga hupanda mpakani, na huohuo ndio mtu hupeleka kwa aliyemkosea anapoomba msamaha. Kuung'oa usiku, bila kuwaita wazee, ni jambo zito.

Masimulizi ya pili ndiyo yanayoandikwa. Mama alipiga mistari kwa rula, ukurasa ukawa na safu tatu: lini, nini, nani anajua. Safu ya kwanza ndiyo ngumu. Watu wengi hawatunzi maisha yao kwa tarehe, na mwandishi mwenye haraka huweka “miaka ya 90” akaendelea. Mama hakuendelea.

“Uliolewa lini, dada yangu?”

“Zamani. Wakubwa wangu wote walikuwa hai.”

“Papa alipokuja Moshi, ulikuwa kwenu au kwa mume?”

Uso wa mjane ukachangamka. Alikuwa kwao bado. Alikwenda na kwaya ya parokia kumwona. Aliolewa mwaka uliofuata. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Moshi Septemba 1990, kwa hiyo ndoa ni ya 1991, na cheti cha parokia kilipofunguliwa kutoka kwenye kanga kikasema hivyohivyo. Mvua za El Nino zikatoa mwisho wa 1997. Kifo cha Mwalimu Nyerere kikatoa Oktoba 1999, kwa sababu mtoto wa tatu alibatizwa wiki ile bendera zikiwa nusu mlingoti. Kijana alidhani ni mazungumzo ya kumpumzisha mteja. Baadaye akaelezwa kwamba madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwamba tarehe moja ikikosewa inaweza kulizika shauri kabla halijasikilizwa.

Kisha ikaja kazi ya kalamu mbili. Bluu ni kwa alichokiona mteja mwenyewe, nyekundu ni kwa alichosikia. Mjane alieleza kwamba mumewe alikabidhiwa kihamba na baba yake mbele ya wazee. “Ulikuwapo?” Hakuwapo, mzee alifariki kabla yeye hajaolewa. Nyekundu. Alieleza kwamba wakati wa El Nino mfongo, mfereji wa maji ya shamba, ulipasuka ukabomoa mpaka wa chini, na mvua zilipokatika ndugu wawili wakapanda masale upya. “Ulikuwapo?” Alikuwapo, ndiye aliyewapelekea pombe ya mbege. “Ndugu wawili gani?” “Mume wangu na huyuhuyu shemeji.” Bluu, na mama akapiga mstari chini yake. Shemeji alikuwa ameung'oa mpaka alioupanda kwa mikono yake mwenyewe. Mjane alikuwa amelipita jambo hilo haraka, kwa kuona ni habari ya mvua tu.

Ukurasa ulipojaa ulikuwa na bluu nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyekundu chache zilizojulikana mahali pake. Nyekundu haifutwi. Inakuwa orodha ya watu wa kutafutwa: aliyesikia anatuongoza kwa aliyeona.

Karatasi zikapangwa kwa umri, si kwa uzuri. Cheti cha ndoa, kadi ya uanachama ya chama cha msingi cha kahawa, risiti za kahawa zenye jina la marehemu mwaka baada ya mwaka, cheti cha kifo. Kila moja ikapewa namba kwa penseli pembeni, ikapigwa picha, ikapelekwa kutolewa nakala, na ya asili ikarudishwa kwenye kanga ileile. Mama hakai na karatasi ya asili ya mtu hata usiku mmoja. Risiti za kahawa zilimfurahisha waziwazi. Hazitaji mpaka, lakini zinaonyesha nani alilima na kuvuna hapo miaka yote ile bila mtu kupinga.

Jina la marehemu, hata hivyo, kwenye cheti cha ndoa liliandikwa Aloisi na kwenye cheti cha kifo Aloyce. Kijana alicheka. Mama hakucheka, kwa sababu karani wa mahakama hatacheka. Kasoro hiyo hutibiwa kwa kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nacho kina kanuni zake: aya zenye namba, mambo ya hakika tu, uthibitisho mwishoni unaosema lipi anayeapa analijua mwenyewe na lipi ameambiwa na nani, kisha mahali na tarehe ya kuapa mbele ya Kamishna wa Viapo. Bila mahali na tarehe kiapo kina ugonjwa usiofichika. Hoja na maombi hayaingii humo; mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikirudia hivyo tangu uamuzi wa Uganda wa 1966 katika shauri la Matovu. Kazi ya mama ni kuandaa maelezo. Kiapo chenyewe alimpeleka mteja kwa wakili anayejitolea.

Kihamba chenyewe lazima kionwe. Walipanda juu siku ya Jumamosi, nami nikafuata. Mama alivaa viatu vya mpira na alichukua kamba yenye fundo kila mita. Alianza kwenye makaburi. Juu ya mlima huu watu huzikwa kwenye kihamba chao, na saruji husema mwaka: kaburi la baba mkwe 1986, la mume 2016, yote mawili upande wa juu wa mpaka wa zamani. Akayachora. Akachora nyumba, zizi, mfongo, safu za migomba na kahawa chini yake, mgrivea mkubwa wa pembeni. Kila kitu kisichohamishika kilipata alama, kwa sababu mpaka huelezwa kwa kile kinachobaki. Masale mapya yalikuwa membamba, udongo wake bado mlegevu. Mita 9 chini yake kulikuwa na mashimo 11, na kwenye mawili mizizi ya zamani ilikuwa imeanza kuchipua tena. Mama aliinama, akahesabu mara mbili, akamwambia kijana ahesabu naye bila kumtajia alichopata. Wote wakapata 11.

Jirani mzee aliulizwa akiwa peke yake, nyumbani kwake, baada ya salamu ndefu na kahawa. Yeye ndiye aliyekuwapo kihamba kilipokabidhiwa. Mama alimwuliza kila jambo kwa njia isiyompa jibu: hakusema “mpaka ulikuwa hapa?” ila “mpaka ulipita wapi?” Mzee alisimama, akainyoosha fimbo, akaitembeza kutoka mgrivea hadi kona ya mfongo. Nyekundu moja ikawa na mtu wake.

Wakati wa kurudi mjini kijana alikuwa tayari na jibu: ni mgogoro wa ardhi, twende Baraza la Kata. Hapa ndipo nilipouona ustadi ambao haumo kwenye kifungu kimoja cha sheria, ila kwenye kuvijua vyote kwa pamoja.

“Nani mlalamikaji?” mama akauliza.

“Mjane.”

“Ardhi ya nani?”

“Ya marehemu.”

“Basi nani amempa mjane mamlaka ya kuidai mali ya marehemu?”

Kijana akanyamaza. Miaka yote tangu 2016 hakuna aliyefungua mirathi. Mgogoro ulikuwa umefika na jina la ardhi, lakini hatua yake ya kwanza ni Mahakama ya Mwanzo, kuomba usimamizi wa mirathi. Anayedai mali ya marehemu bila barua ya usimamizi anaweza kuwa na haki yote duniani na bado shauri lake likatupwa, miezi ikapotea, na shemeji akapata muda wa kuuza. Kupoteza kwa namna hiyo kunaniuma kuliko kushindwa kwa hoja, kwa sababu mtu haelewi hata ameshindwa na nini.

Na Mahakama ya Mwanzo nayo ina mipaka. Katika mirathi inasikiliza yale yanayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu alikuwa Mkristo mwenye cheti cha ndoa ya kanisani, na pia Mchaga aliyeishi kwenye kihamba cha ukoo, akahudhuria vikao vya ukoo, akazikwa hapohapo. Mahakama hutazama mtu aliishije na alikusudia nini. Mama alikuwa amekwisha kuuliza hayo yote wakati sisi tukidhani anamliwaza mjane, na yalikuwa ukurasani kwa wino wa bluu.

Kuhusu mila, mama ana heshima nayo, na haiogopi. Kilimanjaro ni mahali ambapo mila imeandikwa sana. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, alichapisha kitabu kizima cha sheria za Wachaga mwaka 1926. Mabaraza ya mangi, machifu wa Kichaga, yaliamua kesi kwa miaka mingi kabla serikali ya uhuru haijaunganisha mahakama kwa sheria ya mwaka 1963. Mwaka 1986 Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, alionyesha jinsi kile kinachoitwa mila ya mlimani kilivyobadilika ndani ya miaka mia moja, kahawa ilipoingia na ardhi ilipoadimika. Kwa mama hilo lina matumizi ya moja kwa moja: shemeji akisema “kwa mila yetu mwanamke hana kihamba,” neno hilo linapimwa. Alimfungulia kijana kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha kanuni ya kimila pale inapomnyima mwanamke njia halali ya kumiliki au kutumia ardhi.

Kisha akampa hukumu ya kusoma, Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ya Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Kijana aliisoma kama gazeti, toka juu hadi chini. Mama alimrudisha kwa maswali manne: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, ilijibu nini, na kwa sababu gani. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza. Mwana ukoo akaenda kupinga kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya alisema kanuni hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo kwenye Katiba. “Sasa,” mama akasema, “sababu ndiyo utakayobeba kuja nayo Moshi. Habari ya Wahaya iache kwa Wahaya.” Akamwonyesha pia jinsi ya kutafuta kwenye tovuti ya TanzLII hukumu zilizofuata, na kwa nini ya Mahakama ya Rufani huifunga Mahakama Kuu, na ya Mahakama Kuu huzifunga za chini yake. Ngazi za mahakama, ambazo darasani ni mchoro wa kukariri, zikageuka kuwa njia ya kujua nani ni lazima akusikilize.

Uandishi ulichukua muda mrefu kuliko yote. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote. Kuna anayedhani kwamba kuandika kwa lugha ya nyumbani ni rahisi. Nilimwona mama akifanya kazi kwenye sentensi moja ya kijana mpaka chai ikapoa. Kijana alikuwa ameandika: “Shemeji yangu, kwa tamaa na dharau aliyonayo tangu ndugu yake afariki, amenipora kihamba na kunitesa mimi na wanangu.”

Kalamu nyekundu ilipita kwenye “tamaa”. Nani anaiona tamaa? Ikapita kwenye “dharau”. Ikasimama kwenye “amenipora”, kwa sababu kupora ni hukumu, na hukumu ni ya mwamuzi. Ikauliza: lini, wapi, kiasi gani, nani aliona. Sentensi ikapasuka ikawa tatu, kila moja na namba yake.

“4. Kwamba, mwezi Februari 1998 marehemu na mlalamikiwa walipanda kwa pamoja masale kwenye mpaka wa kusini wa kihamba, kutoka kwenye mgrivea hadi kona ya mfongo.”

“5. Kwamba, mwezi Machi mwaka huu mlalamikiwa aling'oa masale 11 ya mpaka huo.”

“6. Kwamba, mlalamikiwa alipanda masale mapya mita 9 ndani ya mpaka uliotajwa kwenye aya ya 4.”

“Aya moja, jambo moja,” mama alimwambia. “Ukiweka mawili, atakana moja nawe utayumba nayo yote.” Kila aya mpinzani anaweza kuijibu kwa ndiyo au hapana, na akisema hapana, pembeni kwa penseli pameandikwa namba ya karatasi au jina la shahidi.

Mjane aliposomewa, polepole, kwa sauti, alikunja uso. “Na mateso yangu yako wapi?”

Mama aliweka karatasi chini. “Nimekuachia uyaseme mwenyewe, dada yangu, siku ya kusikilizwa, kwa mdomo wako. Hapa nimeweka yale asiyoweza kuyakana.” Mjane alitaka asomewe tena aya ya 4. Akasahihisha: haikuwa Februari, ilikuwa Machi, maharage yalikuwa yameanza kuchomoza. Ukurasa mzima ukaandikwa upya kwa ajili ya neno hilo moja, bila mtu kuguna.

Mirathi ikaenda kwanza: muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, kiapo cha majina, fomu ya maombi, tangazo la mahakama. Shemeji alikuwapo kikaoni, na hakupinga mjane kuwa msimamizi. Nadhani alidhani usimamizi ni heshima tu. Barua ya usimamizi ilipotoka ndipo lile lalamiko la aya fupi likapelekwa Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo halihukumu tena mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shemeji alifika na maneno mengi juu ya mila. Mwenyekiti alimsomea aya ya 4 akamwuliza: ulipanda au hukupanda? Alitazama wazee. Alisema alipanda, lakini kaka yake alikuwa amemwazima sehemu. Lini, na nani aliona? Ubishi wote uliobaki ukawa juu ya hizo mita 9, na mzee wa fimbo akaitwa. Masale yalirudi kwenye mashimo 11, makubaliano yakaandikwa nakala 3, moja ikabaki kwenye ofisi ya kijiji pamoja na mchoro.

Kwa mama jalada lilikuwa bado wazi. Msimamizi ana miezi minne kuwasilisha mahakamani Fomu Na. 5, orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye Fomu Na. 6, hesabu za alichopokea, alicholipa na alichogawa. Wengi huipata barua ya usimamizi wakaisahau fomu, na usahaulifu huo umewavua usimamizi watu waaminifu. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa ameketi na mjane juu ya orodha. Kihamba, nyumba, ng'ombe mmoja, shamba la mahindi la tambarare. Watoto wote wakaandikwa, wa kike walioolewa pamoja nao. Madeni? Hakuna, mjane alisema. Mama aliuliza tena kwa njia nyingine, kisha kwa njia ya tatu: marehemu alichukua dawa za mibuni wapi msimu wa mwisho? Kwenye chama cha msingi, kwa mkopo. Ulilipwa? Mjane hakujua. Kijana akatumwa chamani siku hiyohiyo na barua yenye aya mbili.